Maji Yahamayo: Habari za Uvuvi wa Zamani katika Nchi ya Katavi

Vitabu vya jiografia tuvitumiavyo shuleni huandika ya kuwa wenyeji wa magharibi ya Tanzania ni wakulima na wavuvi, kisha hupita. Maneno hayo si ya uwongo, lakini humfanya mtoto kuwaza kwamba uvuvi ni kama shamba: una mahali pake, na mtu hukaa hapo mwaka hata mwaka. Katika nchi ya Katavi haukuwa hivyo. Huku maji yenyewe huhama, na uvuvi wa wazee wetu ulikuwa elimu ya kuyafuata. Nataka kueleza jinsi elimu hiyo ilivyokuwa, na jinsi watu walivyotenganishwa nayo. Maana wengi hudhani ya kuwa imekufa kwa uvivu wa vijana, nami kwa muda mrefu nilidhani vivyo hivyo.

Mkoa wa Katavi ulitengwa na Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Mpanda. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, penye Karema na Ikola. Kusini liko bonde la Ziwa Rukwa. Katikati hupita mto Katuma, ambao huingia Ziwa Katavi, hutambaa katika mbuga ya Katisunga hata Ziwa Chada, ndipo maji yake huelekea Rukwa kwa njia ya mto Kavuu. Maziwa hayo mawili ya kati, Katavi na Chada, msomaji asiyafikiri kuwa ni maziwa kama Viktoria. Wakati wa masika ni maji mapana yenye ndege wasiohesabika. Mwezi wa Oktoba mtu aweza kuvuka humo kwa miguu mikavu, akikanyaga udongo uliopasuka, na viboko wote wa nchi wamesongamana katika vidimbwi vichache vya matope.

Ziwa Rukwa nalo halina mlango wa kutokea maji, na kina chake ni cha mita chache tu, kwa hiyo mvua ikizidi kidogo hupanuka mbali, na ikipungua hukimbia. Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, aliliona mwaka 1880 akalipa jina la mfalme Leopold, jina ambalo halikudumu. Kabla ya karne ile kwisha, upande wake wa kaskazini ulikuwa umekauka ukawa mbuga ya nyasi. Lilipungua tena sana katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1960 likajaa.

Hata Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, halikutulia. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 aliona mlango wa ziwa umezibwa kwa matope na mimea. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi hicho yakashuka kwenda Kongo, na kufikia mwisho wa karne ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Wabelgiji walijenga boma la Karema mwaka 1879 karibu na maji. Mapadri Weupe walipokabidhiwa boma hilo mwaka 1885, ziwa lilikuwa likirudi nyuma, na mahali pa mitumbwi palikuwa pakigeuka kuwa mahali pa mashamba. Katika miaka ya 1960 maji yalipanda tena, na tangu 2020 yamepanda hata kuingia katika nyumba za watu wa pwani.

Wageni walipoona mambo hayo waliyaita ajabu au msiba. Kwa wenyeji yalikuwa hali ya nchi. Wabende wa upande wa Tanganyika, Wapimbwe wa bondeni, Wakonongo wa misitu ya kaskazini na Warungwa, wote walilima. Lakini hapana mmoja wao aliyekaa shambani mwaka mzima. Baada ya mavuno, watu walikwenda mahali maji yalipo.

Nitaeleza mwaka wa mvuvi wa Katuma kama nilivyousikia kwa babu yangu, aliyezaliwa kabla watu hawajahamishwa huko.

Mvua za kwanza hunyesha mwezi wa Novemba. Mto ukishapata maji mapya, kambare huacha vilindi akapanda katika nyasi zilizofunikwa maji ili kutaga mayai. Kambare ana kiungo juu ya matamvua yake kimwezeshacho kuvuta hewa, kwa hiyo huweza kujiburuta katika nyasi zenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Usiku wa mvua kubwa mtu mwenye mkuki na mwenge wa nyasi angeweza kujaza tenga kabla ya kucha. Babu alisema ya kuwa usiku mmoja au miwili ilitosha, kisha wakubwa waliwakataza vijana kurudi. Wakati wa kupanda, wavuvi hawakutega mbele ya samaki. Walingoja wamalize shughuli yao, wakatega nyuma yao, mahali maji yatakapopita yakirudi.

Basi kuanzia Aprili, mvua ikikoma, maji huanza kutoka mbugani kurudi mtoni kwa vijito vidogo. Hapo ndipo uzio ulipojengwa: fito zilizochomekwa kukata kijito toka ukingo hata ukingo, zikazibwa kwa nyasi, zikaachwa nafasi chache. Katika kila nafasi huwekwa mgono.

Walimu wengi wa siku hizi hawajauona mgono, kwa hiyo nitakawia kidogo hapa. Ni mtego uliofumwa kwa fito nyembamba au matete, umbo lake kama chupa ndefu iliyolazwa. Fito hufungwa kwa kamba ya gome la miti ya miombo, ambalo huvuliwa mti ungali na utomvu, hulowekwa, kisha hutafunwa au kupondwa mpaka lilainike. Kinywa cha mgono kimesukwa kuelekea ndani, kikipungua kidogo kidogo, na ncha za fito zake zimeachwa huru zikielekeana. Samaki akija na maji huzisukuma akapita. Akitaka kurudi humchoma usoni. Mkia wa mgono hufungwa kwa kamba, na huo ndio mlango wa mwenyewe: asubuhi huufungua, akaukung'uta. Upana wa nafasi kati ya fito na fito, babu aliupima kwa kidole gumba chake. Apitaye hapo si wa kuliwa mwaka huu.

Ukavu ukizidi, mbuga hubaki na madimbwi. Huo ulikuwa uvuvi wa akina mama na watoto. Waliingia kwa safu na vikapu na matenga, wakayatibua matope kwa miguu mpaka samaki akose pumzi akainua kichwa. Uvuvi wa namna hii waonekana katika mabwawa mengi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kelele zake hufanana popote. Madimbwi mengine walitia utupa. Majani ya mmea huo hupondwa, hutiwa majini, na samaki hulewa wakaelea, kwa kuwa sumu yake huwazuia kutumia pumzi waliyoivuta. Leo ni kosa kisheria kuvua kwa sumu, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yalikataza wazi. Nami naona sheria ni ya haki, kwa sababu nimeona utupa ukitiwa katika maji yapitayo, ukaua vifaranga hata mbali. Lakini yafaa kusema ya kuwa wazee waliutia katika dimbwi ambalo lingekauka lenyewe baada ya wiki mbili, na samaki wake wangeliwa na korongo. Chombo ni kile kile. Kilichopotea ni kuchagua mahali.

Kwa kazi hizo zote watu walihamia dago, yaani kambi ya muda kando ya maji, wakakaa majuma au miezi. Dago lilikuwa na kibanda cha nyasi, jiko na uchaga wa kukaushia samaki juu ya moto mdogo. Kambare hupasuliwa, mara nyingi hukunjwa mkia ukakutana na kichwa, akabanikwa kwa moshi mpaka awe mwepesi kama ganda. Asiyekauka vizuri huliwa na wadudu kabla hajafika sokoni, na hasara hiyo ilimtambulisha mvuvi mvivu kijiji kizima. Magege hukaushwa kwa jua na chumvi.

Wala samaki hawakuwa kazi pekee ya dago. Waume waliokwenda kuvua walibeba pia shoka la asali. Misitu ya miombo huchanua kabla ya mvua na baada yake, na nyuki wa nchi hii ni wengi. Mizinga ilifanywa kwa magome yaliyovuliwa mti mzima mzima, au kwa magogo yaliyochimbwa, ikatundikwa juu ya miti mbali na moto wa nyasi. Aliyekuwa hana mzinga alimfuata mlembe, ndege mdogo amwitaye mtu kwa sauti mpaka penye nyuki, kisha hungoja sehemu yake ya masega. Moto wenyewe ulipatikana kwa kupekecha kijiti kikavu juu ya ubao laini. Babu alinionyesha mara moja, nami nilipojaribu nilipata malengelenge tu.

Palikuwa na adabu ya mahali pia. Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju ambao Wabende walisema ni makao ya Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake yailinda nchi, pamoja na mkewe Wamweru. Mtu aliyekwenda kuwinda au kuvua aliacha hapo kitu kidogo. Jina la ziwa, la hifadhi, na sasa la mkoa mzima, latokana na jina la mwindaji huyo. Sitaji jambo hili ili kusifu matambiko. Nalitaja kwa kuwa mahali palipokuwa na mwenyewe, hata mwenyewe asiyeonekana, hapakuingiwa ovyo.

Upande wa Tanganyika kazi ilikuwa nyingine, lakini elimu yake ilikuwa ya namna ile ile ya kungojea. Dagaa huja juu usiku, na hufuata mwanga. Zamani wavuvi walichoma kuni au mafungu ya matete mbele ya mtumbwi, na samaki walipokusanyika waliwateka kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Mitumbwi mikubwa ilitengenezwa Ugoma, ng'ambo ya magharibi, penye miti minene. Baada ya Vita Kuu ya Pili moto wa kuni ulianza kuiachia nafasi taa ya karabai, na siku hizi ni taa za umeme wa jua au wa betri. Lakini mwezi haujabadilika: ukiwa mpevu, mwanga wa taa haumvuti samaki, na kila pwani ya ziwa hupumzika siku kadhaa. Wale wasomaji wapendao asili ya maneno watafurahi kujua ya kuwa neno dagaa ni ndugu wa indagara la Kirundi. Neno hili la Tanganyika sasa limekuwa la Waswahili wote, hata kwa samaki wadogo wa bahari ambao hawajapata kuliona ziwa hilo.

Sasa nije katika kutenganishwa. Wadachi waliitangaza nchi ya mbuga ya Katavi kuwa mahali pa kuhifadhia wanyama mwaka 1911. Tangazo hilo peke yake halikuwaondoa wengi. Kilichowaondoa ni malale. Katika miaka ya 1920 ugonjwa huo ulienea katika magharibi ya Tanganyika, nao huletwa na mbung'o, ambaye hukaa katika misitu na vichaka vyenye wanyama. Waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote ni watafuta asali, wavuvi na wawindaji, yaani watu wa dago. Serikali ya Waingereza ikaamua kuwakusanya watu katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa, mbali na pori. Wapimbwe, Wabende na wengineo waliacha makazi yao ya kando ya maji.

Hapa lazima niseme kwa haki. Malale yaliua, na watu waliokusanywa walipona wengi. Tena sisi walimu tulifaidika: shule na makanisa ya nchi hii, kwa sehemu kubwa, yalijengwa katika vijiji hivyo, kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kufuata madago ishirini. Lakini watu walitulizwa na maji hayakutulizwa. Bwawa likihama, mtu wa kijijini hakuruhusiwa kuhama nalo; na pori lililoachwa lilijaa nyasi, wanyama na mbung'o zaidi. Baada ya kizazi kimoja lilionekana kama nchi ambayo haikupata kukaliwa. Mwaka 1974 likafanywa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ikapanuliwa baadaye hata kilomita za mraba 4,471. Miaka hiyo hiyo ya 1970 watu wa nje ya hifadhi walikusanywa tena katika vijiji vya ujamaa. Wageni watembeleao hifadhi leo huambiwa kwamba ni pori halisi lisiloguswa na binadamu. Babu yangu alijua mahali jiko la mama yake lilipokuwa.

Nikiri sasa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alitoroka shule mwezi wa Agosti, akarudi baada ya majuma matatu, ananuka moshi wa samaki. Alikuwa amekwenda na mjomba wake kuvua upande wa Rukwa, ambako uvuvi wao ulikuwa wa halali. Nilimwadhibu mbele ya wenzake, nikasema maneno juu ya ujinga ambayo nisingependa kuyaandika hapa. Mwezi uliofuata nilifundisha somo la upumuaji wa viumbe. Nikaandika ubaoni ya kuwa samaki hupumua kwa matamvua, naye hufa akitolewa majini. Mtoto yule akanyosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kambare hafi upesi. Nimemwona akitembea."

Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Jioni nilipofungua kitabu kikubwa kuliko kile cha shule, nikakuta ya kuwa mtoto ndiye aliyekuwa amesema kweli. Sikumwambia. Alimaliza darasa la saba akaondoka, na mpaka leo sijapata nafasi ya kumwambia.

Tangu siku hizo nimekuwa nikiuliza wazee na kuandika katika daftari. Si mimi wa kwanza: Padre Avon alichapisha habari za maisha ya Wabende katika jarida la Anthropos tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini yeye aliandika Kifaransa, na watoto wa Wabende hawakisomi. Katika daftari langu naona ya kuwa maneno hudumu kuliko vitu. Watoto wa Mpanda wajua neno mgono, lakini nilipowaambia wachore, wengi walichora kikapu chenye mpini, na mmoja alichora chupa ya maji ya dukani.

Mto Katuma wenyewe sasa una taabu nyingine. Tangu mwisho wa karne iliyopita, maji yake ya juu yamechepushwa kwa mashamba ya mpunga, na mitaro na mabwawa madogo yamezuia yasifike mbugani wakati wa kiangazi. Wataalamu wameandika juu ya kukauka kwa Chada na Katavi mapema kuliko zamani, na juu ya viboko wanaokufa katika matope. Serikali imebomoa baadhi ya mabwawa hayo. Wakulima wa mpunga si watu waovu. Ni watu waliofundishwa, kama sisi sote, kwamba maji hukaa mahali uliyoyaweka.

Ziwani, serikali ilifunga uvuvi wa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mapatano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaane. Pwani nzima walilalamika, na dagaa walipanda bei hata Mpanda. Nilipokuwa nikisikiliza malalamiko hayo nilikumbuka wale wakubwa waliowakataza vijana kurudi mbugani usiku wa tatu. Hao nao, naamini, walilalamikiwa.

Babu alipofariki alituachia mgono mmoja, uliokuwa umetundikwa juu ya jiko miaka mingi, mweusi kwa masizi, wala haukuliwa na wadudu. Niliupima: urefu wake ni hatua mbili zangu kasoro kidogo, na kidole gumba changu hupita kati ya fito bila kugusa. Sasa uko shuleni, katika pembe ya chumba cha walimu. Watoto huutumia kuwekea mipira. Mpira huingia kwa kinywa bila shida, na kila jioni yuko mtoto mgeni ajaribuye kuuvuta kwa njia ile ile ulioingilia, mpaka wenzake wamwonyeshe kamba ya mkiani.